Kura ya rais hulindwa kituoni, si Bomas

Tarehe 10 Agosti 2027, ratiba ya Katiba ikifuatwa, Wakenya tutapiga foleni tena kumchagua rais. Wengi hapa Pwani wanaiona siku hiyo kama iko mbali. Lakini kwenye baraza za Mji wa Kale, kwenye maskani za Kisauni na Likoni, hadi vijijini Magarini, swali ninaloulizwa ni lile lile: kuna haja gani ya kupiga kura na mshindi ameshapangwa?

Silidharau swali hili. Anayeliuliza si mjinga, ameona mambo. Ameona kura za 2007 zikigeuka moto. Ameona uchaguzi ukifutwa 2017 na makamishna wakigawanyika hadharani 2022. Juzi tu ameona yaliyotokea kwa jirani zetu Tanzania. Mtu aliyeona yote hayo ana haki ya kuuliza.

Jibu langu ni hili. Hatari za kuharibu uchaguzi wa rais zipo, na nyingi tunazijua kwa majina. Lakini Kenya tuna kinga moja ambayo majirani wengi hawana, na kinga yenyewe iko karibu na nyumba yako kuliko unavyodhani. Iko kwenye shule ya msingi unapopigia kura, katika karatasi inayoitwa Fomu 34A. Tukiielewa karatasi hiyo, tutajua nini cha kulinda, na nani anafaa kukilinda.

Tulikotoka

Mwaka 2007 matokeo ya rais yalikuwa kama mzigo uliofungwa. Yalihesabiwa vituoni, yakapelekwa maeneo bunge, kisha yakasafiri hadi KICC Nairobi, na njiani hakuna mwananchi aliyeweza kuyafuata. Jioni ya tarehe 30 Desemba, mwenyekiti wa tume, Samuel Kivuitu, alimtangaza Mwai Kibaki mshindi, na kabla giza halijatanda vizuri rais alikuwa ameshaapishwa Ikulu. Siku chache baadaye Kivuitu mwenyewe alisema hajui kama kweli Kibaki alishinda.

Zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakahama makwao. Tume ya Jaji Kriegler, iliyochunguza uchaguzi ule, ilifikia uamuzi ambao hadi leo unauma: kwamba kura zilikuwa zimevurugwa kiasi kwamba haiwezekani kujua nani alishinda. Yaani damu yote ile ilimwagika juu ya hesabu ambayo hakuna mtu angeweza kuithibitisha, si upande huu wala ule.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mwaka 2007 daftari lilikuwepo lakini lilikuwa mfukoni mwa wachache.

Katiba ya 2010 iliandikwa na watu waliokuwa na kumbukumbu hiyo. Ibara ya 86 inataka kura zihesabiwe na matokeo yatangazwe pale pale kituoni. Ibara ya 138 inamtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti. Ibara ya 140 inampa raia siku 7 za kupeleka malalamishi katika Mahakama ya Juu baada ya matokeo kutangazwa, na mahakama siku 14 za kuamua. Hakuna tena mambo ya kuapisha mtu magharibi.

Safari ya karatasi moja

Hebu tuifuate Fomu 34A kidogo, maana wengi wanaisikia tu kwenye habari.

Kituo kimoja cha kupigia kura hakitakiwi kuwa na zaidi ya wapiga kura 700. Vituo vikifungwa jioni, masanduku yanafunguliwa mbele ya maajenti wa wagombea na waangalizi. Kila karatasi ya kura inainuliwa na kuonyeshwa. Hesabu ikiisha, msimamizi wa kituo anajaza Fomu 34A: mgombea huyu kapata kura kadhaa, yule kadhaa, zilizoharibika ni kadhaa. Maajenti wanatia saini na kupewa nakala, na nakala nyingine inabandikwa mlangoni mwa kituo. Kisha karatasi inapigwa picha kwa kifaa cha kielektroniki, na picha hiyo inatumwa. Karatasi yenyewe inapelekwa kwa mkono hadi eneo bunge, ambako hesabu za vituo vyote zinajumlishwa katika Fomu 34B. Zile 34B ndizo zinazojenga Fomu 34C ya taifa, inayotangazwa Bomas.

Juni 2017 Mahakama ya Rufaa, katika kesi iliyofunguliwa na Maina Kiai na wenzake, iliweka msingi mkubwa hapa. Ilisema matokeo yakishatangazwa katika eneo bunge ni ya mwisho, na maafisa wa Nairobi hawana ruhusa ya kuyabadilisha. Iliona pia kwamba kituo cha kupigia kura ndicho mahali halisi ambapo sauti ya mpiga kura inapatikana. Kwa lugha ya mtaani, Bomas ni pa kujumlishia tu. Uamuzi umeshafanyika kwenu.

Miezi miwili baadaye msingi huo ulijaribiwa. Tume ilimtangaza Uhuru Kenyatta mshindi tarehe 11 Agosti 2017 ilhali maelfu ya Fomu 34A yalikuwa bado hayajafika. Raila Odinga akaenda kortini. Mahakama ikaamuru mitambo ya tume ifunguliwe ikaguliwe, na tume haikutii amri hiyo ipasavyo. Tarehe 1 Septemba, majaji 4 dhidi ya 2 chini ya Jaji Mkuu David Maraga walifuta uchaguzi wa rais. Lilikuwa jambo la kwanza la aina yake barani Afrika. Mahakama haikusema nani alishinda. Ilisema njia iliyotumika kufikia matokeo haikufuata Katiba, na hesabu usiyoweza kuonyesha njia yake si hesabu.

Matunda ya hukumu ile tuliyaona 2022. Tume iliweka picha za Fomu 34A za vituo zaidi ya 46,000 kwenye tovuti, wazi kwa yeyote mwenye simu. Nilikuwa mmoja wa Wakenya waliokesha wakizifungua moja moja, kutoka Lamu hadi Lunga Lunga. Kundi la waangalizi wa humu nchini, ELOG, lilifanya hesabu yake kwa sampuli ya vituo na likapata picha inayolingana na ile ya tume. William Ruto alitangazwa na kura 7,176,141 dhidi ya 6,942,930 za Raila. Makamishna 4 kati ya 7 waliyakana matokeo. Mwaka 2007 mgawanyiko kama huo ungetosha kuichoma nchi. Mwaka 2022 malalamishi yalikwenda kortini, fomu za tovutini zikalinganishwa na karatasi zenyewe, na tarehe 5 Septemba majaji wote 7 wakaidhinisha ushindi. Raila alisema hakubaliani na uamuzi lakini anauheshimu. Nchi ikaendelea.

Unaweza kuwa ulimpigia Raila na bado moyo wako haujatulia. Wapwani wengi wako hivyo. Lakini tofauti kati ya 2007 na 2022 ni kubwa: safari hii mwenye shaka alikuwa na karatasi ya kuonyesha kwa kidole.

Kwa jirani hali ni nyingine

Nikisema kinga hii ni adimu, siongezi chumvi. Tazama upande wa pili wa mpaka wa Lunga Lunga, kwa ndugu zetu ambao tunaoleana nao na kuzikana nao.

Oktoba 2015, Zanzibar, kura zilikuwa zimeshapigwa na matokeo yameanza kutangazwa. Mwenyekiti wa tume, Jecha Salim Jecha, akajitokeza na kutangaza kwamba amefuta uchaguzi wote. Chama cha CUF kilikataa kushiriki marudio ya Machi 2016. Hapa na pale pia uchaguzi ulifutwa, lakini yasifananishwe. Kenya ulifutwa na mahakama iliyosikiliza pande zote na kuandika sababu zake. Zanzibar ulifutwa kwa tamko la mtu mmoja.

Oktoba 29, 2025, Tanzania ilipiga kura huku kiongozi wa CHADEMA, Tundu Lissu, akiwa gerezani kwa mashtaka ya uhaini, chama chake kikiwa kimezuiwa kushiriki, na mgombea wa ACT-Wazalendo, Luhaga Mpina, akiwa ameenguliwa. Intaneti ilizimwa. Maandamano yakazuka, watu wakauawa, na watu wakaamrishwa kutotoka nje usiku Dar es Salaam. Rais Samia Suluhu Hassan akatangazwa mshindi kwa takriban asilimia 98. Waangalizi wa Umoja wa Afrika wenyewe walisema uchaguzi ule haukufikia viwango. Na hapa ndipo penye somo: Katiba ya Tanzania, Ibara ya 41, inakataza mahakama kuchunguza matokeo ya rais yakishatangazwa. Mwenye malalamiko hana mlango wa kubisha. Mlango ukifungwa, watu huingia barabarani.

Lakini kusini zaidi kuna Malawi. Mwaka 2019 fomu za matokeo zilikutwa zimefutwafutwa kwa wino mweupe wa kusahihishia makosa. Wananchi waliandamana kwa miezi, kesi ikaendelea, na Februari 2020 mahakama ikafuta uchaguzi. Uliporudiwa Juni, Lazarus Chakwera wa upinzani akamshinda Rais Peter Mutharika. Septemba 2025 Mutharika akarudi akamshinda Chakwera, naye Chakwera akakubali akaondoka. Nchi maskini kuliko yetu imebadilisha marais mara mbili kwa karatasi. Demokrasia haingoji utajiri. Inahitaji daftari lililo wazi na jaji asiyeogopa.

Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Tujiulize basi, ni nini kinachoweza kutunyoa sisi?

Hatari ya kwanza: tume iliyodhoofishwa

Januari 2023 muhula wa mwenyekiti Wafula Chebukati na makamishna wawili ulikwisha. Kati ya wale 4 waliokana matokeo, watatu walikuwa tayari wamejiuzulu na wa nne alikuwa amesimamishwa kazi. Kenya ikabaki bila makamishna wa uchaguzi hadi Julai 11, 2025, Erastus Ethekon alipoapishwa na wenzake. Miaka miwili na nusu! Wanasiasa wakavutana, kamati zikaundwa, kesi zikafunguliwa. Muda wa kikatiba wa kukagua mipaka ya maeneo bunge ukapita Machi 2024 bila kazi kufanyika.

Waulize watu wa Magarini gharama yake. Mwaka 2022 Harrison Kombe alimshinda Stanley Kenga kwa kura 21. Mahakama Kuu ikafuta uchaguzi huo, rufaa zikaenda hadi Mahakama ya Juu, na 2024 ikathibitishwa kwamba kiti kiko wazi. Lakini nani angeitisha uchaguzi mdogo na tume haipo? Watu wa Magarini walikaa zaidi ya mwaka mzima bila mbunge, wakilipa ushuru kama wengine, hadi kura zilipopigwa Novemba 27, 2025 na Kombe akarejea. Mizozo ya Nairobi ilikuja kulipwa Marafa na Gongoni.

Kwa hivyo tume iliyopo ina muda mfupi wa kujenga imani kabla ya 2027. Waliichelewesha wakijua. Tume isiyo na muda hukosea, na tume inayokosea humpa anayetaka kuvuruga kisingizio.

Mombasa tunalijua hilo pia. Agosti 2022 uchaguzi wetu wa ugavana uliahirishwa kwa sababu karatasi za kura zilichapishwa vibaya, kama ilivyotokea Kakamega. Tulipopiga kura tarehe 29 Agosti, waliojitokeza walikuwa wamepungua. Vibarua wa bandarini na mama mwenye kibanda hawapati ruhusa ya kupiga foleni mara mbili kwa mwezi. Kosa la mchapishaji likageuka kura zilizopotea.

Hatari ya pili: hofu

Siku chache kabla ya kura za 2017, Chris Msando, aliyesimamia mitambo ya tume, aliteswa na kuuawa. Oktoba mwaka huo kamishna Roselyn Akombe alikimbilia New York akisema anahofia maisha yake. Siku chache baadaye dereva na mlinzi wa Naibu Jaji Mkuu Philomena Mwilu alipigwa risasi, na kesho yake Mahakama ya Juu ikashindwa kupata majaji wa kutosha kusikiliza ombi la kuahirisha marudio. Mwaka 2022 afisa aliyesimamia uchaguzi wa Embakasi Mashariki alitoweka, kisha maiti yake ikapatikana.

Hakuna mitambo wala fomu itakayotusaidia ikiwa watu wanaoishika wanaogopa kufa. Hadi leo familia ya Msando haijapata haki. Kila mwaka unaopita bila jibu ni ujumbe kwa afisa mwingine, na sidhani ujumbe huo hausomwi. Anayedai uchaguzi wa haki 2027 aanze kwa kudai kesi hizi zifufuliwe.

Hatari ya tatu: pesa

Sheria ya kudhibiti matumizi ya pesa za kampeni ilipitishwa 2013. Haijawahi kutumika hata uchaguzi mmoja. Mwaka 2021 tume ilipoleta kanuni za kuweka viwango, Bunge likazitupa. Wabunge hawakutaka kuhesabiwa.

Hapa kwetu pesa hizo zinakuja na sura tunazozijua: leso, paketi ya unga, fulana, noti ya mia mbili mkononi mwa kijana wa maskani. Katika chaguzi ndogo za Novemba 2025 zilisikika ripoti za hongo na ghasia, hasa Malava, Kasipul na Mbeere Kaskazini. Hizo zilikuwa viti vya bunge tu. Fikiria kiti cha urais.

Ninayemwogopa zaidi si mama anayepokea unga. Njaa haina aibu na anaweza kuupokea na bado akapiga kura kwa dhamiri. Ninamwogopa ajenti anayenunuliwa. Ajenti ni macho ya mgombea na ya wananchi kituoni. Akipewa elfu mbili saa tatu za usiku aende akalale, fomu inajazwa bila shahidi, na baadaye hakuna nakala ya kulinganishia. Wizi wa rejareja unafanyika hapo, kimya kimya, bila kompyuta yoyote kuguswa.

Hatari ya nne: uongo unaokimbia

Mwaka 2022 fomu zote zilikuwa wazi, lakini kila kituo cha televisheni kilihesabu kwa mpangilio wake, kila kimoja kikaonyesha anayeongoza tofauti, kisha hesabu zikasimama. Katika ukimya ule WhatsApp ikajaa. Nilitumiwa fomu za bandia na watu ninaowaheshimu, wazee kwa vijana.

Mwaka 2027 hali itakuwa mbaya zaidi, kwa sababu sasa mtu yeyote anaweza kutengeneza sauti ya mgombea akikubali kushindwa, au video ya sanduku likijazwa kura, na usijue. Dawa ni ile ile karatasi. Ukitumiwa picha ya matokeo ya kituo cha Mtwapa au Ukunda, fungua tovuti ulinganishe. Kama huwezi kulinganisha, usisambaze.

Hatari ya tano, na kubwa kuliko zote: sisi tunaobaki nyumbani

Hii hatupendi kuisikia. Mwaka 2013 waliojitokeza nchini walikuwa takriban asilimia 86 ya waliojiandikisha. Mwaka 2017 wakawa kama 79. Mwaka 2022 wakashuka hadi kama 65. Na Mombasa ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizoshika mkia: waliopiga kura hawakufika nusu.

Fanya hesabu nami. Mombasa ilikuwa na wapiga kura 641,913 katika daftari. Zaidi ya nusu hawakwenda, yaani zaidi ya watu 320,000. Tofauti kati ya Ruto na Raila katika nchi nzima ilikuwa kura 233,211. Kaunti moja, tena ndogo kwa ardhi kuliko zote, ilibaki nyumbani na kura nyingi kuliko zilizoamua urais wa Kenya. Hatuwezi kujua wangempigia nani, na si kazi yangu kukisia. Ninachojua ni kwamba hakuna mwizi aliyewaibia. Walijinyima wenyewe.

Sababu ninazielewa. Kuna historia ya kuhisi kwamba kura zetu haziletei Pwani ardhi, hati miliki wala kazi bandarini. Mwaka 2013 kundi la MRC lilihimiza watu wasusie, na usiku wa kuamkia kura askari wakauawa Mombasa na Kilifi. Kwa miaka mingi pia tulimwachia Raila kazi ya kutulilia. Ndiye aliyepeleka kesi Mahakama ya Juu 2013, 2017 na 2022. Alifariki Oktoba 15, 2025. Uchaguzi ujao, mwananchi wa Pwani hatakuwa na mtu wa kumwachia mzigo huo. Atalazimika kuubeba mwenyewe, na pengine ni jambo jema.

Wapo wanaosema kususia ndiyo dawa. Tulijaribu 2017. Raila alijiondoa marudio ya Oktoba, waliojitokeza wakawa chini ya asilimia 40, na Uhuru akapata asilimia 98. Aliapishwa, akatawala miaka 5. Ukisusia chakula, mwenzako hukosi kumwona akishiba.

Kazi iliyoko mbele yetu

Sitoi nasaha kubwa kubwa. Mambo haya yanawezekana hapa hapa, na yanahitaji kuanza sasa.

La kwanza ni kujiandikisha. Usajili endelevu wa wapiga kura ulirejea mwishoni mwa Septemba 2025 katika ofisi za tume za maeneo bunge. Vijana waliojaza barabara Juni 2024 kupinga Mswada wa Fedha walionyesha kwamba wanaweza kuitikisa serikali. Lakini jina lisilokuwa kwenye daftari halihesabiwi, hata kama mwenye jina alivuta moshi wa vitoa machozi kuliko sote. Wazazi, ulizeni kijana nyumbani kama ana kitambulisho. Kwetu Pwani wako wengi wanaozungushwa kupata kitambulisho mwaka mzima, wakiulizwa vyeti vya babu. Huo nao ni uchaguzi unaoibwa mapema, na viongozi wetu wa kaunti na bunge waanze kelele leo, wasingoje 2027.

La pili ni maajenti. Vyama viache kuokota watu usiku wa kuamkia kura. Kijiji kijue ajenti wake ni nani, wamchague mtu mwenye heshima zake, anayejua kusoma hesabu, na alishwe na alipwe ili asishawishike. Mwalimu mstaafu au mama wa chama anayeweka vitabu vya pesa za wenzake anaweza kazi hii kuliko kijana wa kupiga firimbi kwenye msafara.

La tatu ni ule mlango wa kituo. Baada ya hesabu, nakala ya Fomu 34A inabandikwa pale. Sheria haikuzuii kupita asubuhi ukaipiga picha. Kila kituo kikipata raia watatu wenye picha hiyo, hakuna mtu Nairobi atakayeweza kubadilisha hesabu ya Pwani bila kujulikana.

La nne ni kuilinda mahakama, hata inapoamua tusilolipenda. Baada ya hukumu ya 2017 Rais Kenyatta aliwaahidi majaji kwamba mambo yao yataangaliwa upya. Baada ya 2022 upande wa pili nao uliwatukana. Majaji wakitukanwa na kila anayeshindwa, siku moja watajifunza kuamua kwa kuangalia nani mwenye nguvu. Siku hiyo mlango wetu utafungwa kama ule wa jirani.

La tano ni kwa wagombea wote, na hasa walioko madarakani: waseme mapema, mbele ya watu, kwamba watakubali hesabu ya fomu za vituo. Mgombea anayekataa kusema hivyo mwaka mmoja kabla ya kura ameshatuambia anachopanga.

Hakuna katika haya linalohakikisha kwamba uchaguzi ujao utakuwa safi. Katiba ya 2010 haikutuahidi wanasiasa waaminifu. Ilitupa njia ya kuwakamata wasipokuwa waaminifu. Njia hiyo ilifanya kazi 2017, ikafanya kazi tena 2022, na Magarini ilifanya kazi hata kwa kura 21, ingawa iliwachelewesha watu kwa sababu wakubwa walizembea. Ni chombo kinachovuja hapa na pale, lakini bado kinaelea. Chombo cha namna hiyo hakitupwi. Kinaingizwa kalafati na mabaharia wanarudi kazini.

Basi anayeniuliza kuna haja gani ya kupiga kura, namjibu kwa swali: tarehe 10 Agosti 2027 usiku, kituoni kwenu, nani atakuwepo wakati fomu inajazwa? Kama hujui, kazi yako umeshaipata.